Kujiandaa Wewe na Mbwa Wako wa Kuokota kwa Jaribio la Kwanza

Mkazi wa Soweto, jijini Mbeya, anayetafuta mbwa wa aina ya Labrador huambiwa na muuzaji mambo mawili: kwamba mbwa huyo ana asili ya kuwinda, na kwamba amekwisha kufuzu. Jambo la kwanza lina ukweli. La pili halina maana yoyote mpaka muuzaji aeleze mbwa amefuzu nini, mbele ya nani, na kwa kipimo gani. Mlaji asiyeuliza maswali hayo matatu hulipa bei ya mbwa aliyefunzwa, akarudi nyumbani na mbwa mwenye sura nzuri tu.

Somo hili linawahusu walaji wa namna mbili: yule aliyemkabidhi mbwa wake kwa mkufunzi na sasa ameitwa kushuhudia jaribio la kwanza kabla ya kumalizia malipo, na yule anayemfunza mbwa wake mwenyewe na kutaka kujua kama kazi yake imezaa matunda. Wote wawili wana mtihani mmoja, na katika mtihani huo anayepimwa si mbwa peke yake.

Kipimo kilitoka wapi

Wahenga wa Labrador waliishi na wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, katika nchi ambayo leo ni Kanada. Kazi yao ilikuwa kuvuta kamba za nyavu na kuokota samaki waliochomoka. Katika karne ya 19 walipelekwa Uingereza, ambako wenye mashamba makubwa waliwatumia kuokota ndege waliopigwa risasi, na mwaka 1903 chama cha mbwa cha nchi hiyo kikaitambua aina hiyo rasmi. Ndiyo sababu Labrador hupenda maji, na hupenda kubeba kitu mdomoni hata asipotumwa. Mbwa anayehamisha ndala za wageni kutoka barazani hadi nyuma ya banda hana utundu wa ajabu. Anafanya kazi ya babu zake bila mshahara.

American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, ilianzisha majaribio yake ya uwindaji kwa mbwa wa kuokota mwaka 1985. Jambo la kuzingatia ni kwamba hayo si mashindano. Mbwa hapimwi dhidi ya mwenzake bali dhidi ya kiwango kilichowekwa, kwa hiyo mbwa wote wa siku hiyo wanaweza kufaulu, au wote wakaanguka. Katika daraja la chini kabisa mbwa, ambaye lazima awe ametimiza miezi sita, huokota windo moja moja: mara mbili nchi kavu na mara mbili majini, kwa umbali usiozidi takriban mita 90. Waamuzi huangalia mambo manne: kama mbwa ameona na kukumbuka windo lilipoangukia, ari yake ya kazi, uvumilivu wake anapotafuta, na utii wake. Kila jambo hupewa alama kati ya 0 na 10. Wastani wa jumla hautakiwi kushuka chini ya 7, na jambo moja moja lisishuke chini ya 5. Windo sharti liletwe hadi mkononi. Kuliangusha miguuni pa bwana wake hakutoshi.

Mlaji wa Mbeya au Iringa hahitaji bunduki wala kanga wa porini ili anufaike na kipimo hicho. Kuwinda mnyamapori bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na matumizi ya mbwa porini yana masharti makali. Mkufunzi anayekushawishi umpeleke mbwa Chunya au Usangu “akaonje damu” anakuingiza katika kesi. Zaidi ya hayo, mapori ya miombo yenye mbung'o yana ugonjwa wa nagana, ambao humuua mbwa kama unavyomuua ng'ombe. Jaribio linalopendekezwa hapa hutumia windo bandia, na linaweza kufanyika katika uwanja wowote ulio wazi kwa idhini ya serikali ya mtaa.

Afya kwanza, na kadi mkononi

Mbwa asiye na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa asiletwe kwenye jaribio, wala kwenye uwanja wowote wenye watu. Hili halina mjadala. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huishia kwenye kifo, na sehemu kubwa mno ya maambukizi kwa binadamu hutokana na kung'atwa na mbwa. Chanjo hutolewa kwa kawaida mbwa afikishapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Soma kadi yenyewe: tarehe, jina la chanjo na namba ya toleo lake, sahihi na muhuri wa aliyechanja, na maelezo ya mbwa yanayolingana na mbwa aliye mbele yako. Kadi ya mbwa mweusi dume haimfai jike wa njano, hata kama muuzaji ana haraka. Ukiwa na shaka, ofisa mifugo wa kata yako ndiye wa kumwuliza.

Mtu yeyote aking'atwa au kuchanwa na mbwa wakati wa mazoezi, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Asingoje kuona kama mbwa ataugua.

Labrador hurithi pia udhaifu wa viungo vya nyonga na viwiko. Mbwa anayeinuka kwa shida asubuhi, anayekimbia kwa kurusha miguu ya nyuma pamoja kama sungura, au anayekataa kuruka mtaro mdogo, apelekwe kwa daktari kabla ya mazoezi kuongezwa. Mkufunzi mmoja atasema ni uvivu. Mwulize amejuaje bila picha ya eksirei.

Kumwandaa mbwa

Vifaa ni vichache na havihitaji duka maalumu. Windo bandia hushonwa kwa kipande cha gunia au turubai, likajazwa matambara hadi lifikie uzito wa nusu kilo hivi. La majini huwekewa ndani chupa tupu ya plastiki iliyofungwa vizuri ili lielee. Ongeza ukanda wa shingoni, kamba nyepesi ya mita 10 hadi 15, na filimbi. Mkufunzi akikuuzia kifurushi cha vifaa kwa bei kubwa, mwambie akutajie kila kitu kilichomo na bei yake.

Amri ziwe nne tu kwa kuanzia: Kaa, Njoo, Lete, Achia. Zichaguliwe na familia nzima, kisha zisibadilishwe. Wako wakufunzi wanaopenda amri za Kiingereza au za Kijerumani kwa sababu zinavutia wateja. Mbwa hajali lugha, lakini bibi anayebaki nyumbani mchana anajali. Mbwa asiyeweza kuitwa na bibi hajafunzwa kwa ajili ya nyumba ile.

Utii wa kuja anapoitwa hutangulia kila kitu. Fanyia ndani ya ua kwanza, kisha nje akiwa amefungwa kamba ndefu. Usimwachie huru karibu na soko wala karibu na barabara kuu iendayo Tunduma, ambako malori hayasimami kwa ajili ya mbwa. Mwite mara moja. Asipokuja, vuta kamba kwa upole hadi afike, kisha msifu kama aliyekuja kwa hiari. Kosa kubwa la wenye mbwa ni kumwita ili wamwadhibu. Baada ya mara mbili mbwa huwa amejifunza somo lililo kinyume kabisa: kwamba kuja ni hatari.

Kuokota huanza kwa hatua kumi. Rusha windo mahali penye majani mafupi, mbwa akiliona likipaa na likianguka. Mzuie kwa kumshika ukanda, hesabu kimoyomoyo hadi tatu, kisha sema Lete. Hayo masekunde matatu ndiyo mafunzo yenyewe. Mbwa anayekimbia kabla ya kutumwa anacheza tu, na jaribioni ataanguka hata kama ana mbio za ajabu. Anaporudi, usimkimbilie, maana atadhani mnafukuzana. Chuchumaa, au rudi nyuma hatua chache, naye atakufuata. Pokea windo kwa mikono miwili chini ya kidevu chake na useme Achia. Akikataa, usivutane naye. Mbadilishie na kipande cha chakula.

Mara nne au tano kwa siku zatosha. Acha angali ana hamu. Mwenye mbwa anayerusha mara 30 kwa sababu jirani wanatazama humchosha mbwa, na kesho yake hushangaa kwa nini windo limeachwa njiani.

Baada ya wiki kadhaa ongeza umbali, kisha badilisha mahali, kisha ubadili mrushaji. Mpangilio huo una sababu. Mbwa aliyezoea kuona mkono wa bwana wake tu hajifunzi kuangalia mbali, hutazama mkono. Jaribioni windo hurushwa na mtu mwingine aliye mbali, kwa hiyo mtafute kijana wa kukusaidia, asimame hatua 40, apige ukelele, arushe. Mfundishe mbwa pia juu ya upepo. Harufu husafiri na upepo, hivyo mwanzoni mtume mbwa kutoka upande ambao upepo unamjia usoni kutoka kwenye windo; atalipata kwa pua hata macho yakimdanganya. Akizoea, mtume kutoka upande wa pili, ndipo utakapojua kama anakumbuka mahali au anategemea pua tu.

Kelele za ghafla zinahitaji subira. Anza kwa kugonganisha mbao mbili mtu akiwa mbali, mbwa akiwa anakula, na usogeze sauti kidogo kidogo kwa siku nyingi. Mbwa aliyeshtushwa karibu na sikio lake siku ya kwanza anaweza kuogopa mlio maisha yake yote, na hakuna mkufunzi atakayekurudishia fedha kwa hofu hiyo.

Maji yangoje siku yenye jua. Asubuhi za Juni na Julai huku nyanda za juu ni za baridi kali, na mbwa mchanga akitumbukizwa kwa nguvu katika maji ya baridi hujifunza kuyachukia. Chagua bwawa lenye ukingo wa taratibu usio na tope zito, ingia naye wewe mwenyewe hadi magotini, na umkaushe mara mtokapo. Msimu wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwezi Novemba, uepuke mito iliyofurika.

Midomo laini hupimwa nyumbani. Weka nyanya mbivu ndani ya soksi safi, ifunge, irushe karibu. Ikirudi imepondeka, mbwa anabana meno, na hapo hufai kumwongezea umbali bali kurudi kwenye somo la kupokea. Ikirudi nzima, mtu wa nyumbani aliyetaka nyanya kwa ajili ya mboga atakusamehe.

Kujiandaa wewe

Wengi huanguka jaribioni kwa sababu ya ulimi. Mwenye mbwa mwenye wasiwasi hurudia amri mara tatu, hupandisha sauti, hubadilisha maneno: Lete, leta, haya lete bwana, kimbia! Mbwa aliyezoea neno moja husimama akamtazama bwana wake kana kwamba amemwona mgeni. Fanya mazoezi ya kunyamaza. Mtume kwa neno moja, kisha funga mdomo, umwache atafute. Uvumilivu wa kutafuta ni miongoni mwa mambo yanayopewa alama, na huwezi kumpatia mbwa alama hizo kwa kumpigia kelele.

Jizoeze pia kutazama. Kariri mahali windo lilipoangukia kwa kulinganisha na kitu kisichosogea, mti au nguzo, kwa maana mbwa akipotea ni wewe utakayeulizwa liko wapi.

Mkataba kabla ya mbwa kuondoka nyumbani

Kwa aliyemlipa mkufunzi, sehemu hii ndiyo inayookoa fedha. Maneno ya mdomo ni makubaliano, lakini ni magumu kuyathibitisha. Andikeni karatasi moja inayotaja: mbwa mwenyewe kwa jinsia, rangi, umri na alama, muda wa mafunzo na idadi ya vipindi kwa wiki, amri nne na maneno yake, nani atalipia chakula na matibabu mbwa akilala kwa mkufunzi, nini kitafanyika akiugua, akipotea au akifa, haki yako ya kumtembelea bila kutoa taarifa ya siku nyingi, na kiasi kinacholipwa mwanzo, katikati na baada ya jaribio. Usilipe yote mwanzoni. Sehemu ya kutosha ibaki hadi siku ya jaribio ili pande zote ziwe na sababu ya kufika uwanjani. Dai risiti kwa kila malipo, ikiwemo ya mwanzo.

Jaribio lenyewe liandikwe kwa vipimo vinavyoonekana. “Mbwa atakuwa amefunzwa vizuri” si kipimo. Kipimo ni kama hiki: mbwa, akiongozwa na mwenye mbwa mwenyewe, katika uwanja asiouzoea, atakaa bila kukimbia windo linaporushwa na mtu mwingine kwa umbali wa hatua 50, atakwenda kwa amri moja, atalileta mkononi, na atarudia hivyo mara tatu kati ya nne.

Maneno “akiongozwa na mwenye mbwa mwenyewe” yapigiwe mstari. Mbwa wengi hutii kikamilifu sauti ya mkufunzi, ndani ya ua wa mkufunzi, kwa kitu cha mkufunzi. Kilichonunuliwa ni utii kwako. Kwa sababu hiyohiyo mkataba uweke vipindi angalau vitatu vya mwisho ambavyo wewe ndiye unayefunzwa.

Kuhusu mbinu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Unapomtembelea mbwa, angalia mkia na masikio kabla ya kuangalia ujuzi. Mbwa anayetambaa tumbo chini anapoitwa, anayefumba macho mkono unapoinuliwa, au anayekojoa mkufunzi anapokaribia, huenda anapigwa, hata kama analeta windo kila mara. Huyo hana ujuzi wa kudumu. Ana hofu, na hofu ikihamia nyumbani inaweza kugeuka meno juu ya mtoto. Mchukue siku hiyo. Fedha iliyobaki mtazungumza baadaye.

Siku yenyewe

Jaribio lifanyike asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Mbwa asile chakula kizito kabla ya kazi, lakini maji apewe. Fika mapema, mtembeze akiwa na kamba, ajisaidie, anuse uwanja. Njoo na kadi ya chanjo, nakala ya mkataba, mawindo mawili yaliyoshonwa na wewe mwenyewe, na shahidi asiyekuwa ndugu wa mkufunzi. Mbwa jike aliye katika siku za joto aahirishiwe, kwa ajili yake na kwa ajili ya madume wa mtaa mzima.

Mrushaji awe mtu ambaye mbwa hamfahamu. Muulize mkufunzi kwa adabu atoe mifuko ya chakula mwilini na asimame nyuma, kimya. Kama mbwa anamtazama yeye badala ya kukutazama wewe, hilo ni jibu la nusu ya jaribio. Andika matokeo ya kila mrusho papo hapo, shahidi atie sahihi, na mkufunzi pia. Mrusho mmoja mbaya si sababu ya kugombana. Upepo hubadilika, mbuzi hupita. Ndiyo maana kipimo kilisema mara tatu kati ya nne.

Akifaulu, lipa kilichobaki, pokea risiti, na uendelee na mazoezi mafupi kila siku. Ujuzi usiotumika hufifia ndani ya miezi michache.

Asipofaulu

Mpe mkufunzi nafasi moja ya kurekebisha, kwa maandishi, ikitaja tarehe ya jaribio la pili na ni amri ipi iliyoshindikana. Katika mafunzo ya wanyama hilo ni haki, kwa kuwa mbwa aweza kuwa mgonjwa siku hiyo au wewe mwenyewe ukawa umemchanganya. Gharama za muda huo zisiwe juu yako kama mkataba ulitimizwa upande wako.

Jaribio la pili likishindikana, au kama uliuziwa mbwa aliyedaiwa kuwa amefunzwa na hajui hata kuja akiitwa, kusanya karatasi zako: mkataba, risiti, ujumbe wa simu, tangazo la muuzaji kama lipo, na karatasi ya matokeo yenye sahihi ya shahidi. Maelezo ya uongo kuhusu bidhaa au huduma yamekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Kwa bidhaa iliyonunuliwa kwa matumizi ambayo muuzaji aliyajua, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inaweza kukupa msingi wa kudai. Kama kilichofichwa ni ugonjwa, ripoti ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa iambatishwe, na ipatikane mapema, maana kadiri siku zinavyopita ndivyo muuzaji anavyopata nafasi ya kusema kwamba mbwa aliugulia kwako. Usimrudishe mbwa kabla ya kupata hati ya kupokelewa kwake yenye tarehe na hali yake, na usikubali kubadilishiwa mbwa mwingine “aliye bora zaidi” bila kumpitisha katika jaribio lilelile, uwanjani, kwa mawindo yako.